Mluzi wa Pikapu ya Njeru

Watu wa Karurumo hawakuhitaji macho kujua kwamba pikapu ya Njeru imefika. Ilikuwa na mluzi. Ikishavuka bonde la Thuchi na kuanza kupanda, turbo inalia kwa sauti nyembamba, fiiii, dereva akibadilisha gia inapumua, pshii, kisha inaanza tena juu zaidi. Watoto wa barabarani waliuiga mluzi huo mpaka walimu wakawakataza darasani. Mwenye mbuzi aliondoa mbuzi wake njiani. Mwenye kuku, wacha tu, alimwachia Mungu.

Njeru alikuwa dereva wa miraa. Na miraa, kama hujui, ni mali isiyomngoja mtu: ikishakatwa huko Meru inaanza kupoteza utamu papo hapo, na anayechelewa sokoni anauza majani. Kwa hiyo aliipeleka pikapu kwa fundi mmoja wa Makutano, pale Meru mjini, anayeitwa Mutwiri, akamwambia, "Nitolee hii gari uvivu." Mutwiri hakushika spana. Alichomeka waya chini ya usukani, akafungua laptopu, akaandika upya ile programu inayoiambia injini inywe dizeli kiasi gani na turbo isukume hewa kiasi gani. Halafu ndipo akatoa sailensa kwenye ekzosi na kifuniko cha boksi ya hewa, ili ipumue wazi. Ikatoka pale imekuwa kitu kingine. Njeru alicheka njia nzima, na kicheko kilipomwisha akawa anapiga mluzi pamoja nayo. Hayo alimsimulia mkewe kwa mdomo wake.

Mkewe ndiye Teresia, na habari hii ni yake.

Kwa sababu Njeru, mwaka huu ni wa tatu, amelala nyuma ya nyumba yake kando ya mti wa mukima. Na hakufa kwa mwendo kasi kama unavyodhani. Karurumo nzima ilidhani hivyo, na wengine walikuwa wameshaandaa ile sentensi yao ya "si tulimwambia." Aka! Alikufa kwa presha, ameketi kwenye kiti cha plastiki pale Makutano akingoja mzigo, kikombe cha chai mkononi. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele yake bila hata mkwaruzo.

Sasa sikia ujinga wa watu wetu. Mama yake Njeru, mzee Wanjira, wakati huo alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kifua. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, na akili yake ilikuwa imeanza kuja na kwenda kama stima ya Karurumo: ikiwapo inawaka vizuri kabisa, ikipotea hujui itarudi lini. Ukoo ukakaa kikao. Huku kwetu mgonjwa haambiwi msiba, tunasema apate nguvu kwanza. Aliyetoa uamuzi ni Munyi, mdogo wake Njeru, mwenye ofisi huko Embu mjini na tai shingoni hata Jumamosi. "Mama tusimwambie," akasema. "Akipona tutamwambia polepole." Vichwa vyote vikaitikia. Wakamzika Njeru mama yake akiwa wodini, wakala wali na nyama, wakakunja mahema, wakaenda zao. Hiyo "polepole" wakamwachia Teresia. Mpaka leo Munyi hajakanyaga pale kumwambia mama yake neno. Hupiga simu mwezi ukiisha, akauliza, "Shemeji, mama anaendeleaje?" na Teresia akianza tu kujibu, mtandao unakatika. Mtandao wa Munyi unajua sana wakati wa kukatika.

Basi ni Teresia aliyemtoa Wanjira hospitali, na ni Teresia aliyekwenda Makutano kuichukua pikapu kwa Mutwiri, aliyekuwa ameihifadhi. Kuendesha alifundishwa na mumewe kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa, Jumapili baada ya ibada, wakigombana mpaka mlinzi akawa anakuja na kiti chake kuwatazama. Siku hiyo alirudi peke yake. Alilia kutoka Nkubu mpaka Chogoria, kisha akajikaza, kwa sababu mteremko wa Nithi hautaki dereva mwenye machozi. Alipofika nyumbani na kuingia uani, alimkuta Wanjira, ambaye tangu atoke hospitali hakuwa ameshuka kitandani wala kula cha maana, amesimama mlangoni ameshika mwimo, uso mzima unacheka.

"Njeru amefika," akasema. "Mwekeeni nduma."

Teresia angesema nini? Wewe ungesema nini? "Ndiyo, maitu," akasema, maana ndivyo waitwavyo akina mama kwa Kiembu, hata mama wa mume. "Amefika. Amechoka, amekwenda kulala." Wanjira akala jioni hiyo kwa mara ya kwanza, akalala bila kukohoa. Na uongo ukishamlisha mgonjwa, nani ana roho ya kuuondoa mezani?

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Miraa Teresia hakuigusa. Alianza kununua ndizi kwa wakulima wa Kyeni, akawa anazipeleka Meru asubuhi na kurudi na viazi jioni. Wanjira alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, sikio limeelekea barabarani. Mluzi ukipanda kutoka bondeni, anasema, "Njeru amefika," anafunga nduma moja, jimbi la kuchemsha, kwenye kitambaa, anaiweka juu ya rafu ya jikoni, kisha anakwenda kulala ameridhika. Hakuuliza zaidi. Mwanawe miaka yote alikuwa wa kuja jioni na kuondoka alfajiri, kwa hiyo sauti ilimtosha.

Lakini hebu fikiria upande wa Teresia. Mtu ametoka nyumbani gizani, amebishana na madalali wa Meru mpaka koo limekauka, amepakia, amepakua, amepita bonde baada ya bonde, anafika kwake na hakuna anayempokea. Anayepokewa ni Njeru. Yeye anapita pembeni ya mama mkwe kama mtu aliyemsindikiza mwenye nyumba. Halafu, Wanjira akishalala, anaingia jikoni, anafungua kitambaa na kula ile nduma ya marehemu, imeshapoa, amesimama, haraka haraka kama mwizi, ili asubuhi kitambaa kikutwe kitupu. Watoto hawakujaliwa. Kulia nyumbani hakuwezekani, kwa sababu mama angeuliza aliyekufa ni nani. Kwa hiyo alilia ndani ya gari. Askari wa kizuizi cha barabarani walimzoea. Walidhani mama wa viazi ana mafua yasiyopona.

Na jambo lililomuuma kuliko yote, ambalo hakuwa na wa kumwambia, ni hili: mluzi wenyewe yeye hakuusikia tena. Ulikuwa wa watu wa nje. Ndani, na mzigo nyuma, alisikia ngurumo ya injini na viazi vikigongana. Kilichobaki cha Njeru hapa duniani kilisikiwa na mbuzi, na watoto, na mama mkwe. Yeye mjane alikuwa amekalia usukani, hasikii kitu.

Mara moja tu pikapu haikufika. Breki zilileta matata, akaiacha Runyenjes kwa fundi, akarudi kwa bodaboda. Alimkuta Wanjira kwenye kigoda, mvua ya rasharasha inamnyeshea, hataki kuinuka. "Njeru bado," alisema, na kila alipovutwa mkono alirudi kukaa. Kifua kikamrudia, akalazwa tena, na daktari akamwambia Teresia waziwazi kwamba baridi nyingine kama ile huyu mama hataivuka. Tangu siku hiyo Teresia alijua kazi yake ni moja: pikapu ilale nyumbani, na ifike ikipiga mluzi.

Sasa ndiyo pikapu yenyewe ikaanza kufa.

Ilianza na moshi. Ikipanda na mzigo inatoa moshi mweusi mpaka wa nyuma wanawasha taa. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda pia. Siku moja akiwa anatoka bonde la Nithi na magunia ya viazi, injini ilianza kugonga, kha-kha-kha, ikapoteza nguvu kabisa, na malori yakawa yanampigia honi kwa hasira. Aliishusha gia, akaomba Mungu kwa sauti, akafika juu. Kesho yake, alipomaliza kuuza ndizi na kupakia viazi, akaenda moja kwa moja kwa Mutwiri.

Mutwiri alichomeka waya wake, wakazunguka kidogo na mzigo, naye akitazama laptopu mapajani. Hakusema kitu mpaka waliporudi gereji. Yule ni Mmeru asiyependa maneno mengi, na akinyamaza namna ile ujue ni mabaya.

"Mama, hii gari unaiua," akasema. "Si makosa yako. Hii programu niliwekea Njeru. Njeru alikuwa anabeba miraa, mzigo mwepesi, anakimbia. Wewe unabeba viazi, mzigo mzito, unapanda polepole. Dizeli inamwagwa nyingi, hewa haitoshi, yote inageuka moto. Pistoni zinaungua."

"Si ulinishauri niende polepole, siku ile nilipoichukua?"

"Nilikushauri uende polepole na mzigo wa kawaida. Sikujua umehamisha soko lote la Meru."

Teresia akacheka kidogo, akakoma. "Dawa yake?"

"Natoa hiyo programu, natengeneza nyingine ya mzigo. Narudisha sailensa na kifuniko cha boksi, viko hapo stoo, havikutupwa. Itavuta vizuri tena, itakunywa dizeli kidogo. Itadumu."

"Na mluzi?"

Mutwiri akadhani ni utani. "Mluzi utaisha, mama. Itakuwa gari ya heshima."

Ndipo Teresia akamwambia. Hakuwa amepanga. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji, matope ya soko kwenye viatu, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo: mama mkwe, hospitali, kigoda, mvua, nduma ya kwenye kitambaa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote tangu mazishi. Mutwiri alimsikiliza akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho mikono yake ilishakuwa safi kukizidi.

"Hiyo programu ya zamani haipotei," akasema mwishowe. "Nitaihifadhi hapa. Ukitaka irudi, unakuja, narudisha."

"Basi iache kama ilivyo. Nitabeba nusu mzigo."

"Mama, hata na nusu mzigo, pistoni zimeshaanza kuungua. Nisikilize. Jana ilikugongea Nithi ukafika juu. Siku nyingine itakufia katikati ya mlima, na lori liko nyuma yako. Siku hiyo mluzi hautafika nyumbani. Na wewe hutafika."

Teresia aliinamisha kichwa. Alimwona Wanjira kwenye kigoda, mvua inanyesha, hakuna mluzi na hakuna hata mtu wa kumvuta mkono. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Fanya," akasema. Halafu, Mutwiri alipoinuka kuchukua waya, akamwita. "Ngoja. Kabla hujaitoa. Niendeshee mara moja. Nenda mpaka huko chini, urudi ukipanda. Mimi nitasimama hapa barabarani."

Mutwiri hakuuliza kwa nini. Walishusha viazi, akaingia, akaondoka. Teresia akasimama kando ya lami, Makutano imejaa kama kawaida yake, makanga wanaita abiria, muuza mahindi anapepea jiko lake. Kwa muda hakusikia kitu. Kisha, chini kule, fiiii.

Haki ya Mungu, mwili wake ulijua kabla ya kichwa. Mkono ulikwenda wenyewe pembeni kutafuta chupa ya chai, kwa sababu miaka yote akisikia hivyo alikuwa anaweka chai mezani. Pshii. Ikapanda tena. Mgongo ukanyooka, moyo ukamruka, akajikuta anatabasamu kama mjinga mbele ya muuza mahindi. Njeru anakuja. Anakuja, amechoka, atatupa funguo juu ya meza na kusema kuna njaa humu ndani. Alijua kwamba ni Mutwiri, na bado alinyoosha shingo kumtazama dereva. Pikapu ikasimama mbele yake, na aliyeshuka akawa Mutwiri.

Sasa alimwelewa Wanjira kabisa. Alilia palepale barabarani, mchana kweupe, na Mutwiri akajifanya anakagua tairi.

Kazi yenyewe haina kelele, na pengine ndiyo maana inatisha. Mutwiri alifunga chaja kwenye betri ili umeme usipungue, akazima redio, akazima kila kitu, akanakili ile programu ya zamani kwenye laptopu. Kisha akabonyeza. "Usiguse chochote," akasema. "Ukifungua hata mlango sasa, kompyuta ya gari inaweza kufa moja kwa moja." Teresia alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Taa za dashibodi ziliwaka zote, zikazimika, zikawaka tena moja moja. Mshale wa spidi ukaruka na kuanguka. Hakuna sauti. Aliweka mikono mapajani kama mtu aliye kanisani, akaitazama gari ya mumewe ikisahau. Hakuna mchungaji aliyeombea, hakuna jirani aliyeshika bega lake. Hii nayo ilikuwa maziko, na safari hii alikuwa peke yake kabisa.

Baadaye walirudisha sailensa na kifuniko, wakapakia viazi vyote, wakatoka tena. Teresia anaendesha, Mutwiri anasoma laptopu. "Kanyaga. Zaidi. Shikilia hapo. Acha." Wanasimama, anabadilisha kidogo, wanapanda tena mlima uleule. Moshi haukutoka. Mshale wa joto ulikaa katikati, umetulia. Ilivuta mzigo wote bila kulalamika, ikinguruma chini chini kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Mutwiri aliridhika mpaka akajisahau akapiga makofi. Teresia alimshukuru, na shukrani yake ilikuwa ya kweli, na moyo wake ulikuwa mzito vilevile.

Njia nzima alitunga uongo. Njeru amepata kazi Nairobi. Njeru gari lake limeharibika. Njeru amehama njia siku hizi. Huko Nithi alipanda bila hofu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na hakuwa na nafasi ya kufurahi. Alipotoka Thuchi na kuanza kupanda kwenda Karurumo, watoto walikuwa barabarani wakicheza mpira wa makaratasi. Hawakugeuka. Waliondoka njiani taratibu kama wanavyoondokea gari lolote la mtu yeyote.

Wanjira alikuwa kwenye kigoda. Pikapu iliingia uani, ikasimama, ikazimwa, na yeye bado alikuwa ameelekeza sikio barabarani, nyuma kabisa ya gari, anangoja.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, maitu. Teresia."

"Karibu. Njeru bado?"

Uongo wote ulikuwa tayari, umepangwa kama magunia. Jua lilikuwa halijazama, na aliuona vizuri uso wa mama huyo, macho meupe, kidevu kimeinuliwa kidogo. Ulikuwa uso uleule alioutoa yeye mwenyewe mchana ule kando ya lami. Angewezaje kumwacha mtu na uso ule, jioni baada ya jioni, hapo mlangoni?

Akapiga magoti chini. "Maitu, Njeru hatakuja. Njeru alikufa."

Wanjira hakupiga kelele. Stima ya akili yake ilikuwapo jioni hiyo, ilikuwa inawaka.

"Lini?"

"Ulipokuwa hospitali. Ile mara ya kwanza."

"Mlimzika mwanangu mimi nikiwa hospitali."

"Ndiyo, maitu."

"Nani alisema hivyo?"

"Ni ukoo. Ni sisi sote."

Mama akainua mkono akampiga begani, kofi la mkono mkavu usio na nguvu, na akampiga tena. "Nyinyi ni watu wabaya," akasema, sauti ikitetemeka. "Watu wabaya sana." Teresia hakujitetea. Alikaa palepale apigwe.

Mkono ulichoka. Wanjira akauacha hapo hapo begani. "Nani alimlilia?"

"Watu walikuja wengi. Walilia siku ile, wakaenda."

"Na wewe?"

"Mimi naendelea mpaka leo."

"Wapi? Sijakusikia ukilia hata siku moja humu ndani."

"Ndani ya gari, maitu. Njiani."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Yale macho meupe yakamtafuta, yakamkosa kidogo, yakatulia juu ya kichwa chake. "Songa hapa," Wanjira akasema.

Teresia akasonga, na kilio walichokitoa wale wanawake wawili kiliwatoa majirani jikoni mwao. Walikuja wakikimbia wakidhani mzee amekata roho. Walipoelewa, wakakaa chini uani, mmoja akawasha moto, mwingine akaanza wimbo wa kanisani, na Njeru akaliliwa na mama yake. Teresia alilia kwa sauti nyumbani kwake mwenyewe. Hakuwa anajua ana sauti kubwa hivyo.

Kisha Wanjira akaomba simu, akataka apigiwe Munyi. Siku hiyo mtandao haukukatika. Munyi alisikilizishwa mpaka mwisho, na kesho yake asubuhi na mapema alikuwa pale uani bila tai, amepiga magoti matope yakilowesha suruali ya ofisi. Hayo tuyaache, yeye na mama yake wanajuana.

Asubuhi hiyohiyo Wanjira alishikwa mkono akapelekwa kwenye mti wa mukima, akapapasa udongo, akapapasa msalaba, akaomba. Lakini mchana, Munyi alipokwisha ondoka, akainua kichwa na kusema, "Njeru leo ameondoka mapema." Teresia aliyekuwa anaosha vyombo akaiacha sahani ndani ya maji. Itabidi amwambie tena? Mara ngapi? Kwa siku chache hakuthubutu kutoka nyumbani. Lakini ndizi haziishi kuiva, na asubuhi moja akapakia, akaenda Meru, na siku nzima akawa anawaza kile kigoda na mvua. Alipita Makutano. Gereji ya Mutwiri ilikuwa wazi, na ile programu ya Njeru ilikuwa mle ndani. Alipunguza mwendo. Halafu akakanyaga mafuta, akapita.

Jioni, akipanda kutoka bondeni, hakuna mtoto aliyegeuka. Mawingu yalikuwa yameshuka. Aliingia uani roho mkononi, akazima injini, akashuka. Wanjira alikuwa kwenye kigoda, amejifunga shuka.

"Umefika, Teresia," akasema.

Teresia akasimama na funguo mkononi. "Umejuaje ni mimi, maitu?"

"Kwani mimi ni kiziwi? Si gari yako hiyo, inayokuja polepole." Akapapasa chini ya shuka lake, akatoa kitambaa kilichofungwa, akakinyoosha mbele hewani, karibu na mahali Teresia aliposimama. "Nimekuwekea nduma. Kula kabla haijapoa."

Hakutaja Njeru. Teresia hakujua kama anakumbuka au amesahau, na hakuuliza. Aliketi chini kando ya kigoda, akafungua kitambaa, na nduma ilikuwa bado inatoa mvuke.